Chumvi ya Kulwa na Doto

Nilicheka msibani, na waliokaa karibu nami mkekani walinisema, nao walikuwa na haki. Ilikuwa Ruaruke, juzi juzi tu, siku tuliyomzika Bi Kulwa. Wanawake tulikuwa ndani, wanaume nje chini ya turubai, na kupitia dirishani tukamsikia mzee mmoja akizungumza kwa ile sauti ya kuwatuliza wafiwa. Alisema marehemu ameishi, ameona wajukuu, ameona na vitukuu, na homa iliyomchukua ni ya siku chache tu, hakuteseka. Kisha akamalizia kama wanavyomalizia wazee wote: “Bi Kulwa amekula chumvi nyingi, tumshukuru Mungu.” Hapo ndipo kicheko kiliponiponyoka. Nilikizuia kwa upindo wa khanga, kikapita puani. Bi Doto, pacha wake, aliyekuwa ameegemea ukuta miguu ameinyoosha, akanitazama. Mle ndani ni yeye peke yake aliyejua ninachekea nini, maana katika watu wote niliowahi kuwajua, sijaona aliyekula chumvi kidogo kuliko Bi Kulwa. Baada ya kicheko nikalia sana, na watu wakanisamehe.

Mwaka ulionifanya nicheke vile ni ule ambao Daktari Elifuraha alikuja Kibiti na hadubini yake. Mimi nilikuwa msichana, nimemaliza kidato cha nne na nimerudi nyumbani bila kujua niende wapi. Daraja la Rufiji lilikuwa bado. Magari ya Lindi yalipanga foleni kusubiri pantoni, na masika yakikolea basi liliweza kukwama mpaka abiria wakajuana majina ya watoto wao. Daktari alipanga nyumba ya bati nyuma ya soko. Chumba kimoja akakipaka chokaa nyeupe, akaweka meza chini ya dirisha, na juu ya meza ile hadubini, akaifunika kwa kitambaa kama watu wanavyofunika redio. Alikuwa mtu wa Upareni, mrefu, mwenye miwani, aliyekaa Ulaya miaka mingi akisomea jambo moja tu: kwa nini watu wawili wale chumvi sawasawa, mmoja presha impande na mwingine isimpande. Aliponiambia hivyo siku ya kwanza nilidhani ananitania. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kupelekwa Ulaya kwa ajili ya chumvi. Akaniuliza kama naogopa damu, nikamwambia nimepasua kambale tangu sijaota meno ya ukubwani. Akaniajiri.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la lugha. Daktari alikuja na maswali yake tayari, na la kwanza lilikuwa, “Unakula chumvi nyingi?” Akaanza na wazee. Wa kwanza akanyoosha mgongo kitini, akajibu, “Alhamdulillahi, tumekula.” Wa pili akasema yeye amekula ya kutosha, lakini kaka yake wa Ikwiriri amekula zaidi. Bibi mmoja akasema ameila mpaka meno yamekwisha. Vijana nao, mmoja baada ya mwingine, wakajibu kwa adabu kwamba bado, wao wadogo. Daktari akafurahi mno. Aliniambia hajapata kuona majibu yaliyonyooka namna ile: wenye umri wote wanakula chumvi, vijana wote hawali, na presha inafuata njia hiyohiyo. Mimi sikuona tatizo lolote, kwa sababu masikio yangu yalilielewa swali kama walivyolielewa wazee. Alizinduka mwenyewe siku alipomuuliza kijana mmoja muuza ufuta. Kijana akacheka, akasema, “Daktari, mie n'na miaka ishirini, ntakuwa nimekula chumvi gani? Kamuulize babu yangu, yule kaila mpaka kaimaliza.” Daktari akavua miwani. Ulaya ilikuwa imemsahaulisha kwamba kwetu aliyekula chumvi nyingi ni aliyeishi sana. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akasema kwa sauti ndogo, kama anayejisemesha, “Lugha nzima inapima umri kwa chumvi, na mimi nimekuja kuwaambia inaua.” Tangu siku hiyo tukaacha kuuliza midomo, tukapima mkojo. Mkojo haujui misemo.

Wapishi wa nyumba ile walikuwa Kulwa na Doto, wajane wawili wa Ruaruke, umri wao ukikaribia hamsini. Daktari aliwachukua wawapikie watu waliokubali kupimwa, na wao wenyewe wakakubali kupimwa pia, kwa udadisi zaidi kuliko kwa sababu nyingine. Walizaliwa siku moja lakini ungewakuta sokoni usingedhani hata wametoka kijiji kimoja. Kulwa alikuwa mrefu, mweusi, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto naye akaitika. Doto alikuwa mfupi, maji ya kunde, neno lake moja lilitosha asubuhi nzima. Kitu kimoja hawakukiacha: walikula sinia moja. Tangu walipoachishwa ziwa, alisema Kulwa, na walipoolewa waliolewa nyumba za karibu ili jambo hilo lisiharibike. Jiko lao lilikuwa banda la makuti uani, mafiga matatu, na juu yake kibuyu cha chumvi ya mawe kikining'inia kwenye moshi ili isilowe. Nikiwa chumba cheupe nikiosha vioo, niliwasikia kila siku wakibishana. Kulwa alimimina mchuzi kwenye kiganja, akauramba, akasema, “Haijafika.” Doto akasema, “Imefika.” Kulwa akasema, “Doto, ulimi wako umelala,” na kibuyu kikateremshwa. Ndiyo maana mchuzi wa papa wa nyumba ile ulisifiwa soko zima.

Asubuhi moja, jua likiwa limeingia vizuri dirishani, Daktari alinidunga kidole, akaweka tone la damu juu ya kioo, akageuza kile kioo kidogo cha chini mpaka mwanga ukapanda, kisha akanipisha kiti. Kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Halafu nikaziona seli zenyewe. Nilitarajia kitu chekundu, na hazikuwa nyekundu. Zilikuwa za manjano iliyopauka, duara, nyingi kuliko mchele kwenye gunia, zikielea taratibu. Daktari akaongeza tone la maji ya chumvi kali. Mbele ya jicho langu zikanywea, zikaota vijimiba pande zote, kila moja kama tunda la mbarika. Akaweka tone jingine la damu, safari hii akaongeza maji matupu yasiyo na chumvi. Zikavimba, zikapauka, zikatoweka, pakabaki mwanga mtupu. Nilirudi nyuma na kiti. Ilikuwa damu yangu. Kati ya chumvi iliyozidi na chumvi iliyokosekana palikuwa na njia nyembamba kama wembe, na damu yangu yote ilikuwa ikipita hapo tangu nizaliwe bila kuniuliza.

Daktari akaniambia kitu kingine ambacho hadubini ile haikuweza kukionyesha. Kwenye ukuta wa kila seli, alisema, kuna vipampu vidogo ambavyo macho hayavifikii. Kila kimoja kinatoa nje chembe tatu za sodiamu, ambayo ndiyo nusu ya chumvi, na kuingiza ndani mbili za potasiamu, halafu kinaanza upya, uwe umelala, uwe unaswali, uwe unagombana na jirani. Sehemu kubwa ya nguvu ya mwili uliotulia inaishia kwenye kazi hiyo. Vikisimama, umekwisha. Leo nimewaeleza wanafunzi wa uuguzi jambo hilo mara nyingi, na bado kila nikifika hapo sauti yangu inabadilika. Jioni ile niliposujudu kwenye magharibi nilikaa chini muda mrefu mpaka aliyekuwa kando yangu akanigusa, akidhani nimesinzia. Kulwa naye alidai aone damu yake. Aliinamia hadubini, kisha akasema, “Ndo miye hivi? Mbona kama vitumbua vilivyobonyezwa katikati?” Daktari akasema hajasikia mtu akizieleza vizuri hivyo.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi: wiki moja chumvi kidogo, wiki inayofuata chumvi tele, na kila asubuhi nawafunga mpira mkononi na kutazama zebaki. Zebaki ya Doto ilikaa palepale kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ya Kulwa, wiki ya chumvi tele, ilipanda mpaka Daktari akaninyang'anya mpira akapima mwenyewe, akapima tena mkono wa pili. Wakati ule wote walikuwa wamekula sinia moja, tonge kwa tonge. Kulwa alipoambiwa, alikuja jikoni amekasirika, Daktari nyuma yake, kana kwamba Doto amemwibia.

“Chungu kimoja, Daktari,” alisema, “sinia moja, tumbo moja la mama. Basi mbona miye?”

Doto alikuwa anakamua nazi. Daktari akakichukua kifumbu mkononi mwake, tui likimdondokea viatuni. “Figo lako linachuja damu kama kifumbu hiki kinavyochuja nazi,” alisema. “Lakini baada ya kuchuja linafanya jambo ambalo kifumbu hakiwezi. Linayapitia yaliyochujwa na kuchagua: hiki kirudi kwenye damu, hiki kitoke. Yanapita kwenye mirija myembamba kuliko unywele, na ukuta wa mirija hiyo ni seli, na seli hizo zina milango ya chumvi. Bi Doto akila chumvi nyingi, habari inafika kule, na seli zinaivuta milango yao ndani. Chumvi inakosa pa kurudia, inatoka na mkojo. Kwako wewe habari inafika, milango inabaki wazi. Chumvi inarudi. Na chumvi haitembei peke yake, inafuatana na maji. Damu inaongezeka, mishipa ni ileile.”

“Si itanuke,” alisema Kulwa.

“Ya Bi Doto inatanuka. Yako inabana. Mishipa ina misuli, Bi Kulwa, na ndani ya seli za misuli hiyo chumvi ikijaa, kalsiamu nayo inakosa njia ya kutoka. Kalsiamu ndiyo inayoiambia misuli ijikaze. Basi inakaa imejikaza mchana na usiku.” Akakirudisha kifumbu. “Na haya nisemayo, mengine nina hakika nayo, mengine nakisia. Ndiyo maana niko hapa.”

“Nani kaiacha hiyo milango wazi?”

“Umezaliwa nayo. Tumbo moja, lakini mbegu mbili. Wala usidhani mwili wako ni mbovu. Huenda zamani, bara ambako chumvi ilikuwa haba, mwili ulioshika chumvi hivyo ndio uliopona. Wewe umezaliwa umejiandaa kwa njaa ya chumvi, ukazaliwa huku delta, kwenye chumvi tele.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya vioo, nikasahau nilikokuwa naipeleka. Niliwatazama wanawake wale wawili, vidole vyao vyeupe kwa nazi, na kwa mara ya kwanza nikawaona kama vile ngozi imefunuliwa, mirija kwa mirija, milango ikifungwa kwa mmoja na kubaki wazi kwa mwingine, na wote wawili hawasikii lolote. Ningeweza kusema niliogopa, lakini haikuwa hofu. Ilikuwa kama siku mtu anapofahamu kwamba nyumba aliyokulia ina chumba asichowahi kukiingia. Doto alirudi kukamua nazi yake.

Kiangazi Daktari aliomba apelekwe kwenye mikoko akaone mti wa mchu, ambao alisema amesoma habari zake na hajawahi kuuona. Kulwa na Doto walicheka sana, maana kwao mchu ulikuwa kuni. Tulishuka kwa gari mpaka barabara ilipokwisha, tukapita mashamba ya mpunga ambayo maji ya chumvi yalikuwa yameyaingia msimu uliopita, majani yamekauka yamesimama, kisha tukavua viatu tukaingia topeni. Daktari hakuvua; kiatu kimoja kiko huko mpaka leo. Kulwa akakunja tawi la mchu, akageuza jani, akampa. Lilikuwa limepakaa punje nyeupe, laini kama vumbi la sukari. “Lamba,” alimwambia, “sie utotoni ndo ilikuwa peremende yetu.” Daktari akalamba. Akasimama na jani mdomoni, mtu mzima mwenye miwani, mguu mmoja peku, na macho yake yakajaa machozi. Mti ule ulikuwa unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi jani kwa jani, punje kwa punje, kwa seli zilizofanya kazi hiyo tu. Kisha akatuonyesha mkoko wa aina nyingine uliosimama hatua chache kutoka pale, akasema huo hautoi chumvi kwenye majani namna hiyo. Unaizuia kwenye mizizi, sehemu kubwa haiingii kabisa.

“Maji yaleyale,” alisema. “Mmoja unaikatalia mlangoni, mwingine unaipokea na kuitoa kama jasho.”

“Na mti usioweza hili wala lile?” Kulwa akauliza.

“Huo hauoti hapa,” alisema Daktari.

Tuliporudi Kulwa alikaa nyuma ya gari, akiligeuzageuza jani lile mpaka Kibiti. Nilidhani amekubali. Jioni nikasikia kibuyu kikiteremshwa kama kawaida.

Haukupita muda. Alikuwa sokoni asubuhi, anabishana na muuza perege, na kwa ile sauti yake soko zima lilikuwa linafuatilia. Ghafla maneno yakamharibikia mdomoni. Nilikuwa nimefuatana naye, nikaona upande mmoja wa mdomo ukishuka na kikapu kikimtoka mkononi, perege wakatawanyika mchangani. Tukamkalisha. Watu wakaanza kusema amepitiwa na upepo mbaya, mmoja akakimbilia kutafuta ubani. Tulipomfikisha nyumbani mdomo ulikuwa umerudi mahali pake na alikuwa anauliza perege wake wako wapi. Daktari alipima, akamtazama Doto badala ya kumtazama Kulwa. “Hili limekuja kuonya,” alisema. “Kiharusi cha pili huenda kisionye. Bi Kulwa, nitakupa vidonge vya kumeza kila siku, na chumvi uiache.”

“Vidonge ntameza,” Kulwa alisema, “hata vichungu. Chakula kisicho chumvi, hapana.”

“Ni chumvi tu, Bi Kulwa.”

“Weye hukukulia kwetu. Chakula kisichotiwa chumvi hupikiwa majini. Kinapikwa, kinapelekwa mzimuni, kinaachwa hukohuko. Sasa unataka niwe nakaa pembeni na kisahani changu, watu wapite waseme, mwacheni, yule keshakuwa wa upande wa pili. Na Doto ale wapi? Ale na nani?” Sauti yake ikapasuka hapo, kwa Doto, si kwa kiharusi. “Bora nife nakula kama mtu.”

Daktari alikwenda chumba cheupe, akaketi mbele ya hadubini bila kuifunua. Alikuwa ameujua mlango wa seli ambao watu wachache duniani waliujua wakati ule, na hakuwa na neno la kumwambia mwanamke mmoja wa Ruaruke. Mimi nilikwenda uani kwa sababu sikuweza kukaa naye. Ndipo nikamwona Doto akikitungua kibuyu juu ya meko. Alikivukisha njia mpaka kwa jirani aliyekuwa akiuza maandazi, akamkabidhi, akarudi mikono mitupu. Akapika. Alitia tui zito, akakamua ndimu nyingi, akaponda pilipili na kitunguu saumu, akaweka embe bichi ndani ya samaki. Alipakua sinia moja, akaiweka mkekani palepale pa siku zote, akanawa, akaanza kula. Kulwa akaja, akanawa, akatia tonge mdomoni, akaacha kutafuna.

“Doto, umesahau.”

“Sijasahau.”

“Weye unajua chakula hiki cha nani.”

“Najua,” alisema Doto. “Kula, jini mwenzangu.”

Kulwa alimtazama, tonge liko shavuni. Kisha akacheka, kicheko chake kilekile cha ng'ambo ya mto, na machozi yakimtoka, akameza. Daktari alikuwa amekuja mpaka mlangoni. Alijua nini kilichotokea. Doto ndiye aliyekuwa kipimo chake kizuri kuliko vyote, mwanamke aliyeweza kula chumvi bila zebaki kutikisika, na kulikuwa na duru moja ya vipimo iliyobaki. “Bi Doto,” alisema taratibu, “wewe mwili wako hauna haja ya kuacha.”

“Mwili wangu hauna haja,” Doto akajibu bila kuinua kichwa. “Miye n'nayo.”

Mwisho wa mwaka Daktari alifunga hadubini yake kwenye sanduku, akaondoka na jibu lake nusu, na siku ya kuaga aliomba ale nao. Alikaa mkekani akala chakula cha majini mpaka sinia ikasafishwa. Alifariki miaka mingi iliyopita. Mimi nikaenda uuguzi, nikafanya kazi Ikwiriri mpaka juzi nilipostaafu, na kila nilipomfunga mtu mpira mkononi nilijiuliza kama milango yake ni ya Kulwa au ya Doto, maana usoni haijulikani. Hivi karibuni daktari kijana, ambaye alikuwa hajazaliwa mwaka ule, alinieleza yaliyofuata. Wanasema sasa chumvi haikai kwenye damu tu. Inajiweka akiba ndani ya ngozi, na sisi tulikuwa tukiwafunga mpira juu yake bila kujua. Wanasema zile seli zinazolinda mwili dhidi ya maradhi nazo zina milango ya chumvi inayofanana na ile ya figo, na chumvi ikiziingia zinakasirika, zinaita wenzao, na jeshi lililoumbwa kupigana na vijidudu linaishambulia mishipa na figo la mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini kwa mmoja na si kwa mwingine. Akasema bado wanatafuta. Nilifurahi kusikia hivyo, sijui kwa nini. Pengine ningesikitika kama ingekuwa imekwisha.

Nyumba yao Ruaruke iliitwa “kwa majini wawili,” na watoto waliopita njia ile walikimbia kwa raha ya kuogopa. Kwenye harusi walikwenda na chungu chao. Kulwa alimeza vidonge vyake, zebaki ikashuka na kukaa, na sauti yake haikupungua mpaka homa ile ya mwisho. Kila nilipowatembelea niliwapelekea ndimu, na kila nilipoondoka nilikuwa nimekula nao, na nikaizoea ladha ya samaki asiye na chumvi ya kusimama kati yangu na yeye.

Siku ya maziko, wanaume waliporudi kutoka makaburini, chakula kilipakuliwa. Masufuria yalikuwa ya majirani, wali na mchuzi wa nyama, vimepikwa na wasichana ambao hawakujua lolote. Bi Doto alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Nikampelekea sinia, nikamnawisha, nikaketi pembeni kumsimamia ale. Akafinyanga tonge, akalitia mdomoni. Akaacha kutafuna.

“Somoe,” aliniita, “chakula hiki kimetiwa nini?”

Nikafahamu. “Chumvi, bibi. Wamepika majirani, hawakujua.” Nikanyoosha mkono niiondoe sinia.

Akaishika ukingoni. Alitafuna polepole, kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza, mpaka akameza.

“Basi kweli kafa,” alisema.

Kisha akaisogeza sinia katikati yetu, akaigeuza kidogo, akanionyesha kwa kidevu upande wa Kulwa. Nikanawa mikono.